Pimpinela: kaka na dada wanaoachana jukwaani tangu 1981

Mpishi wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye chai akae.

Nipo Houston mwaka wa sita huu. Kazi yangu ni jikoni, mgahawa sitautaja. Jikoni kwetu Kiingereza ni cha kusomea oda tu, kinachozungumzwa ni Kihispania mwanzo mwisho. Mimi nilifika nikiwa najua "gracias" na majina ya wachezaji wa Barcelona.

Usiku mmoja wateja wamepungua, redio iko juu ya rafu ya viungo, umeanza wimbo. Mama mmoja wa Honduras anayesimamia supu akaacha kukoroga. Akachomoa upawa, akaupangusa kwa aproni, akaushika kama maiki. Anaimba taratibu, macho ameyafumba, kama mtu anayesimulia msiba uliokwisha kuzoeleka. Kijana wa El Salvador anayeosha vyombo, miaka 19, akakimbia kuingia chumba cha baridi, akajifungia. Nikasema huyu kapatwa na nini? Mara tukasikia anagonga mlango kutoka ndani.

Mama akauliza, kwa kuimba, ni nani. Kijana akajibu kutoka kwenye baridi kwamba ni yeye. Mama akauliza amefuata nini. Akajibiwa: wewe. Mama akamwambia amechelewa. Na hapo jikoni lote, mpaka mzee wa kukata nyama ambaye huwa haongei, likalipuka kwenye kiitikio: ondoka, sahau jina langu, sahau sura yangu, sahau nyumba yangu, geuza urudi ulikotoka.

Kijana wa miaka 19, jamani. Wimbo wenyewe ni wa 1982.

Unaitwa "Olvídame y pega la vuelta". Kisa chake ni kifupi: mwanamke anasema ni miaka miwili na siku moja tangu aishi bila yule bwana. Hiyo "siku moja" ndiyo iliyonimaliza mimi. Mtu anayesema miaka miwili amesahau, mtu anayesema miaka miwili na siku moja bado anahesabu. Hana furaha, ila amejifunza kuishi. Halafu usiku mmoja mlango unagongwa.

Wanaoimba ni Pimpinela wa Argentina, wawili: Lucía Galán na Joaquín Galán. Miezi kadhaa nilikuwa naamini ni mtu na mkewe waliotalikiana kwa matusi na sasa wanalipwa kwa matusi yaleyale. Siku nikamuuliza yule mama, "hawa bado wako pamoja?" Akanitazama kama mtu aliyeuliza kama samaki anajua kuogelea. Akasema, "Son hermanos."

Ndugu. Baba mmoja, mama mmoja.

Naendelea chini, nakunywa maji kwanza.

Kinega

Ngoja ngoja. Kaka na dada wanaimbiana nyimbo za mapenzi? Kwetu hiyo kikao cha ukoo kinaitishwa na mbuzi anachinjwa.

Bint Makorora

Kinega acha papara, mwache kaka amalize. Nimeshaweka kiti.

Mpishi wa Zamu

Kinega, hoja yako ndiyo roho ya uzi huu, nitaifikia.

Kwanza historia. Wazazi wao ni wahamiaji kutoka kaskazini mwa Hispania, mama yao akitokea Asturias, mkoa wa milima na migodi ya makaa uliomwaga watu wengi sana Amerika ya Kusini. Watoto walizaliwa Buenos Aires: Joaquín 1955, Lucía 1961. Joaquín alikuwa mwanamuziki kabla ya dada yake, alipita kwenye bendi iitwayo Luna de Cristal. Aliyeng'ang'ania waimbe pamoja ni mama yao. Hapa Waswahili mtanielewa, mama akishasema "mchukue na mdogo wako", hakuna mkutano wa pili.

Albamu ya kwanza 1981, "Las primeras golondrinas". Mwaka uliofuata wakatoa ile yenye wimbo wa mlango, na hapo ndipo walipopata fomula yao: wimbo ambao ni mchezo wa kuigiza wa dakika tatu na ushee. Lucía ndiye mwenye moto, Joaquín ndiye mwenye makosa. Karibu kila mara mwanaume ndiye mkosaji. Anadanganya, anaomba, anajitetea vibaya, anakasirika akishindwa. Sijui kaka gani mwingine angekubali kuchapwa hadharani kwa miaka 40 namna hiyo.

Halafu sikilizeni jinsi majibizano yenyewe yalivyotengenezwa. Ubeti wa Lucía ni mrefu, una pumzi ndefu, sentensi kamili. Mlango ukishagongwa, kila kitu kinakatwa vipandevipande: swali la maneno machache, jibu la silabi mbili tatu. Ala zinanyamaza kidogo ili neno lisikike. Ndiyo maana hata mimi niliyekuwa sijui lugha niliweza kufuata. Ugomvi wa mlangoni hauhitaji mkalimani.

Mzee wa Kipaza

Kijana, hii si ngeni kama mnavyodhani. Sisi tuliosoma miaka ya sabini tulikariri ngonjera mpaka kwenye sherehe za kijiji. Marehemu Mathias Mnyampala ndiye aliyezipa nguvu. Wawili wanasimama, mmoja anadai hivi, mwingine anakanusha, hadhira inangoja nani atalemewa. Hao Waargentina wako wametia piano kwenye ngonjera wakaihamishia chumbani.

Mpishi wa Zamu

Mzee shikamoo. Umenipa neno nililokuwa nalitafuta wiki nzima.

Mzee wa Kipaza

Marahaba. Tofauti moja: ngonjera zetu mwishoni lazima mmoja akubali kuelimika. Hawa hakuna anayeelimika.

Bint Makorora

Mimi mtoto wa Tanga, mkisema ugomvi ndani ya wimbo mimi nasikia mipasho. Kumbukeni miaka ya tisini Dar, Khadija Kopa yuko TOT, Nasma Khamis yuko Muungano, watu wanajaza kumbi kusikia nani kampasha nani. Lakini kwenye taarabu anayepashwa hayupo jukwaani kujibu. Yuko kwenye viti, anajifanya anaangalia pochi. Au yuko nyumbani anangoja kaseti. Jibu lake linakuja baada ya miezi kwenye wimbo mwingine, wakati sisi tumeshapoa.

Hapa mpashwaji kasimama hatua moja mbele yako na ana maiki yake. Hii ningelipa kuiona.

Mpishi wa Zamu

Dada Bint, basi wewe tafuta "A esa", maana yake "kwa yule". Nyumba ndogo. Mke amejua. Kwenye nyimbo nyingi mke angelia au angetukana. Huyu anamwambia mumewe: nenda kamlete. Aje. Achukue nafasi yangu. Afute meza, afue nguo zako, abebe na shida zako zote, tuone kama ataweza kukupa nilivyokupa. Yaani hamtukani mwenzake hata kidogo, anamkabidhi majukumu.

Yule mama wa Honduras ukipigwa huo haimbi. Anafanya kazi kwa nguvu zaidi, anagonga masufuria. Sijawahi kumuuliza.

Bint Makorora

Anamkabidhi majukumu!!! Hiyo kanga naichapisha mwenyewe.

Kinega

Bado sijajibiwa. Kaka na dada.

Mpishi wa Zamu

Haya mkuu, twende.

Mwanzoni mashabiki wengi walidhani kama nilivyodhani mimi. Mwaka 1983 albamu yao ikaitwa "Hermanos", Ndugu. Jina kwenye jalada, ubishi umekatwa. Ungetegemea watu wakatae, waseme kama wewe, lakini ilikuwa kinyume, walizidi kuwapenda.

Mimi nina maelezo yangu, mnaweza kuyapinga. Sikiliza wanachoimba. Si "njoo mpenzi nikubusu". Nyimbo zao zilizokaa ni za mwisho wa mapenzi: mlango unafungwa, uongo umegundulika, mtu kachoka. Na ugomvi, wakuu, ndugu wanaujua kuliko wapenzi. Nani aliyekufundisha kujibu kabla mwenzako hajamaliza sentensi? Nani anajua neno gani likuchome? Ni yule mliyegombania remoti naye. Wale wawili wamekula ugali wa aina moja (sawa, haukuwa ugali), wanavuta pumzi mahali pamoja, mmoja akipandisha sauti mwingine anajua sekunde ya kumkata. Hilo halifundishwi studio.

Na kuna la pili. Ukitazama mume na mke halisi wakiimba kuachana, unaanza kuchunguza: je, ni kweli? Wamenuniana? Ukitazama kaka na dada, unajua ni mchezo, kwa hiyo ugomvi unabaki mikononi mwako. Unaweka ndani yake sura ya yule wako wa miaka miwili na siku moja.

Kinega

Hapo kwenye remoti umenipata. Dada yangu mkubwa angekuwa milionea.

Mzee wa Kipaza

Ukitaka kuona hatari ya waimbaji wawili kuwa wapenzi kweli, usiende mbali. Mbilia Bel aliingia Afrisa, bendi ya Tabu Ley, mwaka huohuo 1981. Sauti zile mbili zilitutesa hapa Afrika Mashariki muongo mzima, na walikuwa mtu na mkewe, wakazaa na mtoto. Mwishoni mwa miaka ya themanini wakaachana, na ule muziki nao ukaondoka. Ndoa ikivunjika na bendi inavunjika. Ndugu huwezi kumtaliki.

Mpishi wa Zamu

Mzee huo mfano naukopa bila riba. 1981 ileile!

Na tukiwa kwenye talaka, hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Nililipata baadaye sana na limenibadilishia wimbo wote.

Argentina ya 1982 haikuwa na talaka.

Yaani mngeweza kutengana, kila mtu na nyumba yake, lakini sheria inawahesabu bado ni mke na mume na hakuna anayeruhusiwa kuoa wala kuolewa tena. Rais Perón aliwahi kuiruhusu mwishoni mwa 1954, mwaka uliofuata akapinduliwa, waliokuja baada yake wakaisimamisha. Ikakaa hivyo zaidi ya miaka 30. Kanisa lilisimama imara dhidi yake. Mahakama Kuu ilikuja kulegeza 1986, sheria yenyewe ya talaka ikapita 1987, utawala wa kiraia wa Rais Alfonsín.

Sasa rudi kwenye mlango. Mwanamke wa wimbo ule anaishi kwenye nchi ambayo hakuna karatasi ya kumwambia yule bwana "hatujuani tena". Hana hakimu wa kumwendea. Kitu pekee alichonacho ni mlango, na kusema geuza urudi. Watu wazima waliousikia 1982, ni wangapi walikuwa kwenye hali hiyo hasa, wametengana miaka 10, wana watu wengine ambao sheria inawaita hawara? Sisi tunacheka na upawa, wao ulikuwa unawahusu.

Bint Makorora

Kaka hapo nimenyamaza kidogo. Kwetu mwanamke anapewa talaka, hata ikichelewa ipo. Nchi nzima bila talaka… ndiyo maana anahesabu na siku.

Mkazi wa Muscat

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Swali la kiufundi: 1982 si ndiyo mwaka wa vita vya visiwa vya Malvinas (Falkland) na Waingereza? Nilisoma mahali kwamba redio za kule ziliacha nyimbo za Kiingereza. Si ndiyo bahati yao?

Mpishi wa Zamu

Ni kweli mkuu. Aprili mpaka Juni 1982, vita vikiendelea, nyimbo za Kiingereza ziliondolewa kwenye redio za Argentina. Waliovuna zaidi ni wanamuziki wa roki wa hukohuko wanaoimba Kihispania, ghafla walipata saa za hewani ambazo hawakuwahi kuziota. Ila Pimpinela sioni kama walihitaji vita. Mexico hapakuwa na vita, Hispania hapakuwa na vita, na kote huko walishika. Mpaka Brazil walirudia wimbo ule kwa Kireno, "Siga seu rumo".

Gitaa Bovu

Wakuu samahani, mimi mpenzi wa muziki wa Kilatini tangu zile tamthilia za jioni. Pimpinela ni maigizo, sawa, lakini mkisema wawili wa mapenzi kwa Kihispania mimi nasema Sin Bandera. Leonel García wa Mexico na Noel Schajris mzaliwa wa Buenos Aires. Jina maana yake "bila bendera". Sauti mbili, gitaa na piano, hakuna kelele. "Entra en mi vida", "Kilómetros", "Te vi venir". Grammy za Kilatini wamebeba. Hao ndio muziki. Hao wenu ni ugomvi wa majirani wenye ala.

Mpishi wa Zamu

Ha ha, ugomvi wa majirani wenye ala! Mkuu sipingi uzuri wa Sin Bandera. "Kilómetros" nimeusikiliza sana, wengi wetu huku tuna mtu yuko mbali kwa kilomita za kweli. Ila angalia safari yao: walianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, kufika 2008 kila mmoja ana njia yake. Marafiki wawili, kila mmoja mtunzi, kila mmoja mwimbaji kiongozi, wote wawili wanaweza kusimama peke yao. Leonel akaja kutunga "Hasta la raíz" pamoja na Natalia Lafourcade, mwimbaji wa Mexico, ukashinda Wimbo wa Mwaka kwenye Grammy za Kilatini 2015. Walirudiana 2016 na ziara wakaiita "Una última vez", mara moja ya mwisho, halafu mpaka leo bado wanaimba. Mara ya mwisho ngapi hiyo?

Utamu wenyewe ni kwamba wao huimba upande mmoja, wote wawili wanambembeleza mtu mmoja ambaye hayupo. Ni kama wanaume wawili wameandika barua moja. Nzuri, inalainisha moyo. Lakini hakuna anayewajibu.

Gitaa Bovu

Hiyo ya barua moja nimeikubali shingo upande.

Kinega

Mleta uzi, hawa Pimpinela hawakuchoka kugombana? Miaka yote?

Mpishi wa Zamu

Walibadilisha kidogo kidogo. Kuna wimbo walimleta Dyango, mwimbaji wa Hispania, akawa mtu wa tatu, "Por ese hombre", kwa hiyo ugomvi ukawa wa pembe tatu. Kuna "La familia", huo hauna ugomvi kabisa, ni wa kuinua glasi mezani na ndugu zako, unapigwa kwenye sherehe mpaka kesho. Na kuna kituko: "Querida amiga", wameimba na Diego Maradona. Ndiyo, Maradona yule. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na sauti nzuri zaidi.

Nje ya jukwaa wana nyumba ya kulelea watoto kwao Argentina yenye jina la Pimpinela. Jina lenyewe ni la mmea mdogo tu wa majani.

Lakini wakibadilisha vipi, wakipanda jukwaani watu wanangoja mlango. Nimeona video zao za karibuni, Joaquín nywele nyeupe, Lucía yuko juu ya sitini. Anapouliza ni nani, ukumbi mzima ndio unaojibu. Joaquín anasimama tu anatabasamu na maiki kaishusha. Kaibiwa mstari wake.

Mkazi wa Muscat

Nimeutafuta sasa hivi. Mke wangu kapita nyuma, hajui neno la Kihispania, kasimama, kasikiliza mpaka mwisho, kaniuliza: "Huyo mwanaume alikuwa wapi miaka yote hiyo?" Nimefunga simu.

Bint Makorora

Swali zuri la shemeji, na wimbo haulijibu!

Kaka mpishi, moja la mwisho. Siku yule kijana wa vyombo hayupo zamu, nani anagonga mlango?

Mpishi wa Zamu

Nilikuwa naombea usiulize.

Jumamosi iliyopita alikuwa na ruhusa. Wimbo ukaanza, mama akachukua upawa, akanitazama mimi, akanyoosha kidole kwenye chumba cha baridi. Nikaingia, nikajifungia, nimesimama katikati ya makasha ya letusi, pumzi inatoka moshi, nasubiri zamu yangu na moyo unadunda kama mwizi. Ubeti ukaisha. Nikagonga.

Akauliza ni nani.

Jibu ni maneno mawili tu, "soy yo", ni mimi. Nimeyasikia mara mia. Nikajibu kwa sauti kubwa, na kwa matamshi yangu ya Mbagala nikatoa neno moja kamili, kama mtu anayeagiza sosi ya soya. Nje kimya. Halafu nikasikia mzee wa kukata nyama, yule asiyeongea, anacheka mpaka anakohoa.

Mlango ulifunguliwa, mama kashika upawa mkono mmoja na chupa ya sosi mkono wa pili, akanikabidhi chupa, akaniambia kwa kuimba kwamba nimechelewa.